Mikebe ya Tanuri la Hamira

Tarehe 4 Machi

Kwa Kiwanda cha Mikebe na Vyombo vya Kuokea,
Kitengo cha Ushauri kwa Wateja.

YAH: MIKEBE YA MKATE KWA TANURI LA MATOFALI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwokaji wa siku nyingi na mkate wangu unajulikana mji mzima. Hospitali kuu imenichagua niwaokee wagonjwa wake kuanzia mwezi wa sita, kwa sharti kwamba mikate yote iwe ya umbo moja, ili vipande vigawanywe sawa. Mikebe niliyonayo imepinda, mingine imetoboka, na tunaiingiza tanurini mmoja mmoja kwa sepetu ya mti. Nimesikia siku hizi ipo iliyofungwa pamoja kwa fremu ya chuma, ukiingiza mara moja umeingiza mikate kadhaa. Hiyo ndiyo ninayoitaka. Nishaurini nichague ya chuma gani na ya ukubwa gani.

Tanuri langu ni la kuni, la usanifu wa pekee ambao hamtaukuta kwingine. Hata bomba la moshi limepinda kidogo kushoto, kwa sababu maalumu ambayo ni siri ya mjenzi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwokaji Mkuu na Mwenye Tanuri


Tarehe 11 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma kaa chini, na kama umeshika chai iweke pembeni. Hamira ameniandikia barua.

Hajui kuwa ni mimi. Amekiandikia kiwanda. Unakumbuka nilikueleza kwamba vidole vyangu vilipoanza kukataa nyundo walinitoa kwenye kukunja mabati, wakaniweka mezani nijibu barua za waokaji. Karani anapiga chapa, chini panaandikwa "Mshauri wa Wateja", basi. Kwa hiyo barua yake imepita mikono ya watu wengine wote ikaja kutua mbele yangu, kati ya miwani na kikombe.

Sikuhitaji kutazama anwani. Anasema bomba la moshi limepinda kwa siri ya mjenzi. Siri gani, dada? Jirani wa ghorofani aliogopa moshi utamwingilia dirishani, nikalipindisha, yakaisha. Wewe ndiye uliyenishikia taa siku nilipolaza tao la mdomo, ukanicheka kwamba najenga tanuri lenye mdomo wa mchoyo na tumbo la mlafi. Kuni zilikuwa za shida, na mdomo mdogo hautapanyi moto.

Hamira nilimwokota hana kazi, nikamfundisha kukanda. Jina hilo tulimpa wenyewe, kwa kuwa ukimsifu kidogo tu anaumuka. Kisha ukaja ule mwaka wa kuwachambua watu, nani wa hapa na nani kaja. Maofisa walipita duka kwa duka na hawakuwa na habari nami. Mimi na wewe tuliingia nchi ile mgongoni mwa mama. Yeye ndiye aliyeacha donge la unga mezani, akaninyooshea kidole kilichojaa unga, akasema: "Huyo si wa hapa."

Nilipandishwa lorini na aproni kiunoni, nikavushwa mpaka. Wewe ulisalimika kwa kuwa mumeo, Mungu amrehemu, alikuwa wa hapo. Mama mlimzika bila mimi. Na jioni ya siku ileile niliyochukuliwa, mkate ulitoka kwenye tanuri langu kama kawaida.

Sasa anataka mikebe. Barua yake nimekaa nayo, sijaijibu. Nakuomba kitu kimoja: nenda dukani kwake ukatazame kama mdomo wa tanuri bado ni uleule. Ukiweza kuupima, upime.

Mdogo wako,
Fundi


Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu Fundi,

Marahaba. Chai niliiweka pembeni kama ulivyosema, ikapoa, sikuinywa tena.

Tangu wakuchukue sijatia mkate wa Hamira kinywani. Wanangu walikua kwa viazi, na watu wakishangaa nawaambia tumbo langu halipatani na ngano. Jumatatu nilivaa viatu vya kutokea nikaenda. Juu ya tanuri kuna kibao cha rangi ya dhahabu: "Tanuri hili limejengwa na mwenyewe." Na huyo mwenyewe yuko pale kitini, mashavu yamejaa, anaamkiwa na kila aingiaye. Aliponiona akauliza, "Mama, leo tumbo limepatana na ngano?" Nikamjibu limezeeka, halina tena nguvu za kugombana. Akacheka, na wafanyakazi wake wakacheka kwa kuwa yeye kacheka.

Nikamwomba nisogee karibu na tanuri, baridi imeniingia mifupani. Mkobani nilikuwa na uzi wangu wa kufumia. Nikajifanya umeniponyoka, ukabingirika hadi mdomoni pa tanuri, nami nikainama kuuokota polepole, kama ajuza nilivyo. Nikaunyoosha kutoka ukingo mpaka ukingo na kuukata kwa meno. Ndio huo mwekundu uliomo ndani ya bahasha. Mdomo ni uleule. Hata alama ya kidole gumba changu, pale nilipojishikiza na taa udongo ukiwa mbichi, ipo upande wa kulia.

Nilinunua mkate mmoja nisije nikatiliwa shaka. Nimewapa kuku wa jirani.

Sasa nisikilize mimi mkubwa wako. Usimletee mtu yule uungwana. Muuzie kitu kitakachomkaa kooni.

Dada yako


Tarehe 28 Machi

Kwa Mwokaji Mkuu na Mwenye Tanuri,

YAH: USHAURI KUHUSU MIKEBE

Tunakushukuru kwa barua yako ya tarehe 4 Machi.

Tuanze na chuma. Utaoneshwa mikebe ya alumini inayong'aa. Ni myepesi na inapendeza macho, lakini kinachong'aa hurudisha joto, na mkate hutoka na ubavu mweupe. Utaoneshwa pia yenye utando mweusi usiogandisha unga. Utando huo unafaa tanuri la umeme. Kwenye tanuri la kuni, ambalo joto lake halina adabu, utabanduka mapema. Wewe chukua chuma kitupu, kinene, chenye waya ndani ya ukingo ili usipinde ukigongwa. Kuta zilale nje kidogo zinapopanda, mkate uteleze wenyewe. Pembe ziwe za kukandamizwa kwa mashine, zisiwe za kukunjwa, maana mkunjo huficha unga na unga huo huchacha.

Mkebe mpya wa chuma hupakwa mafuta kiasi cha kufuta tu, kisha huchomwa mtupu hadi ubadilike rangi, ndipo utiwe unga. Kazi hiyo tutaifanya hapa kabla ya kusafirisha. Ukishaupokea usiuoshe kwa sabuni kamwe. Ufute kwa kitambaa kikavu.

Ili tupate ukubwa, chagua mkebe wako wa zamani unaokuridhisha, ujaze maji hadi ukingoni, uyapime maji hayo, utuandikie.

Kuhusu kufunga pamoja, tunazo seti za mikebe mitatu kwa safu moja, na seti za minane, safu mbili za minne minne. Kati ya mkebe na mwenzake tunaacha nafasi ya vidole viwili ili joto lipite, la sivyo mikate ya katikati hubaki na ubavu mbichi. Seti ya mitatu ni nyembamba na rahisi kushika. Seti ya minane ni pana pande zote, na hujaza tanuri haraka. Hiari ni yako. Zote hutengenezwa kwa agizo na hazirudishwi.

Mwisho, tungependa kujua ni nani aliyejenga tanuri lako. Kama anapatikana, vipimo avichukue yeye, kwa kuwa mjenzi hujua mahali pa kupima. Kama alikuwa mtu mwingine na hayupo tena, tuandikie hivyo, nasi tutakuelekeza.

Wako,
Mshauri wa Wateja


Tarehe 29 Machi

Dada yangu,

Nimemjibu, na sikumdanganya hata neno moja. Yote niliyomwambia kuhusu mikebe ningemwambia ndugu yangu wa tumbo moja. Chuma hakijanikosea kitu, siwezi kukisingizia.

Ila swali la kwanza tunalomuuliza kila mwenye tanuri la matofali ni upana wa mdomo. Safari hii nimelitoa, nikaweka jingine mahali pake: nani alijenga? Na nimeamua mikebe ichomwe huku, isiguse tanuri kabla ya siku yake.

Uzi wako nimeulaza juu ya mchoro wa seti ya minane. Umekwisha kabla ya chuma kwisha, umepungua kiganja kizima, na ukiugeuza upande wa pili ni vilevile. Yeye amezoea mkebe mmoja mmoja. Mdomo haujawahi kumsumbua, kwa hiyo hajawahi kuutazama. Atapima tumbo.

Lakini akiandika kwamba tanuri lilijengwa na mtu mwingine, ambaye hayupo, nitamwambia apime mdomo na achukue seti ya mitatu. Biashara yake itastawi, na mimi nitanyamaza mpaka nizikwe. Nimejiapiza. Anatakiwa aseme kweli mara moja tu, kwa mtu asiyemjua, mahali ambapo hapotezi chochote.

Mdogo wako,
Fundi


Tarehe 6 Aprili

Mdogo wangu,

Umemwachia upenyo. Nilijua. Tangu utotoni una moyo wa unga uliomwagiwa maji mengi, haushiki umbo. Na akisema kweli? Nitakaa na uzi wangu nifume soksi? Mtu huyu nimemngoja tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Nilikasirika, nikaichana barua yako katikati. Kisha nikaiunga kwa gundi, maana nilikikumbuka kile kibao. Aliyeandika uongo kwa rangi ya dhahabu hawezi kuukana kwa kalamu ya wino.

Haya, tungoje.

Dada yako


Tarehe 8 Aprili

Kwa Mshauri wa Wateja,

YAH: AGIZO LA MIKEBE

Nimefurahishwa na utaalamu wenu. Naona nimeandikiana na mtu anayeijua kazi, jambo ambalo siku hizi ni adimu.

Naagiza seti za minane, za kutosha kulijaza tanuri kwa mkupuo mmoja. Seti za mitatu ni za watu wenye majiko ya nyumbani. Upana wa ndani wa tanuri ni mita mbili. Nimepima mwenyewe kwa ufito niliouingiza ndani, ukuta hadi ukuta. Kipimo cha maji kimo kwenye karatasi ya pili. Naomba kila seti igongwe chapa ya duka langu.

Kuhusu swali lenu, tanuri hili nimelijenga mimi, tofali kwa tofali, kwa mikono yangu hii. Hakukuwa na mtu mwingine. Kwa hiyo vipimo mlivyopewa ni vya mjenzi.

Mwokaji Mkuu na Mwenye Tanuri


Tarehe 16 Aprili

Dada,

"Hakukuwa na mtu mwingine." Nakunukulia alivyoandika, usije ukadhani nimetia chumvi.

Agizo nimelipeleka karakana. Nilishuka mwenyewe kutazama mikebe ikifungwa kwenye fremu, vijana wakanipa kiti. Ni mikebe mizuri. Mizuri kuliko yoyote niliyowahi kuwa nayo. Niliipitishia kidole ukingoni nikitafuta kasoro, nikakosa. Laiti ningekuwa na ya namna hiyo wakati ule.

Fundi


Tarehe 2 Juni

Mdogo wangu,

Imekuwa. Nakuandikia nikiwa na masizi kwenye kucha.

Hamira alialika watu. Msimamizi wa jiko la hospitali alikuja na wapishi wake, na nusu ya mtaa pia. Viti viliazimwa mpaka vya kwangu. Masanduku aliyafungua mbele yetu, akatuonesha mikebe kama mtu anayeonesha mtoto mchanga. Unga ukatiwa, ukaumuka vizuri, makaa yakaondolewa, sakafu ya tanuri ikapigwa kitambaa chenye maji. Akahutubia. Akasema alipokuwa analijenga tanuri lile watu walimcheka. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili.

Seti ya kwanza ikabebwa na wafanyakazi wawili, ikafika mdomoni, ikagota. Wakaigeuza upande wa pili, ikagota. Hamira akawaambia waiinamishe. Wakainamisha, na unga ukamshukia msimamizi wa hospitali viatuni. Nyuma yangu mtu akauliza, kwa upole kabisa, inakuwaje mwenye tanuri hajui mdomo wa tanuri lake.

Hapo ndipo alipoumuka. Akaagiza nyundo. Mwashi mzee wa mtaani akamshika mkono, akamweleza kwamba tao lile ndilo lililobeba kuba zima, haliguswi mpaka liwekewe nguzo. Hamira akajinasua. "Nani alijenga hapa, mimi au wewe?" Mwashi akamwachia. Akarudi nyuma, na sisi wote tukarudi nyuma pamoja naye.

Pigo la kwanza halikufanya kitu. Ulijenga vizuri. Akaendelea, mpaka likang'oka tofali la upande wangu, lile la kidole gumba. Pakasikika mguno kama wa mtu mnene anayejitupa kitini, kisha tumbo lote likashuka na joto likatupiga usoni. Hakuna aliyeumia. Vumbi lilipotulia Hamira alikuwa ameshika mpini, mweusi kuanzia nywele, na kibao chake kinaning'inia kwa msumari mmoja. Msimamizi wa hospitali alijifuta viatu akaondoka bila kuaga.

Nilicheka, mdogo wangu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, watu wakadhani ni mshtuko, wakaniletea maji. Kisha nikaiona ile sakafu uliyoilaza wewe, imefunikwa na matofali uliyoyachagua wewe moja moja, na kicheko kikaniishia. Usifikiri nimejuta. Tofali la kidole changu nimeliokota, liko chini ya kitanda.

Ulijua kwamba atalivunja? Nijibu bila kuzunguka. Na siku ukimwandikia mtu yule, mtumie uzi. Nataka ajue nilipoinama nilikuwa nafanya nini.

Dada yako


Tarehe 3 Juni

Kwa Mshauri wa Wateja,

YAH: MALALAMIKO NA OMBI

Seti mlizonitengenezea hazipiti mdomoni. Katika juhudi za kuirekebisha hali hiyo, tanuri limepata hitilafu. Hospitali imesitisha makubaliano na sasa inachukua mkate kwa mshindani wangu. Nawataka mnieleze ilikuwaje wataalamu kama ninyi mkanyamaza.

Pamoja na hayo nina ombi. Waashi wa hapa wametazama yaliyobaki na kuondoka; hakuna anayeelewa kuba lile lilivyofungwa. Mimi umri umekwenda, na namna nilivyolijenga nimeisahau. Ninyi mnaandikiana na waokaji wa kila mahali. Nitafutieni fundi anayeweza kujenga tanuri la namna ile. Nitampokea kwa heshima zote na atakaa nyumbani kwangu.

Mwenye Tanuri


Tarehe 12 Juni

Dada yangu,

Umeniuliza bila kuzunguka. Nilijua. Mtu ambaye hakulaza hata tofali moja angehurumia nini? Siku nilipotia sahihi agizo lile nililiona tao likishuka, nikaendelea kuandika mpaka nukta.

Miaka yote hii nililala nikijua tanuri lipo, lina moto, na linamwokea mtu mwingine. Sasa halimwokei yeyote. Usingizi wangu umekuwa mzito. Ila naamka saa ileile niliyokuwa nawashia kuni, nakaa ukingoni mwa kitanda, na mikono haina pa kwenda.

Lile tofali usiliweke chini ya kitanda. Lina unyevu huko. Liweke dirishani.

Barua ya Hamira nitaijibu leo, na safari hii karani sitamsumbua. Nitaandika kwa mkono wangu.

Mdogo wako,
Fundi


Tarehe 12 Juni

Kwa Mwenye Tanuri,

YAH: MALALAMIKO NA OMBI LAKO

Seti ulizopokea zinalingana na agizo na hazina kasoro. Zitunze kama tulivyokueleza, usizioshe kwa sabuni.

Kipimo ulichotupa ni cha tumbo. Aliyelijenga tanuri lile angepima mdomo, kwa kuwa aliufanya mwembamba kwa makusudi wakati kuni zilipokuwa za shida. Ulisema mjenzi ni wewe, nasi tukakuamini kama tunavyowaamini wateja wetu wote. Naambatanisha uzi wa upana wa mdomo huo, uliopimwa mbele ya macho yako na mama ambaye tumbo lake halipatani na ngano. Bomba nalo halikuwa na siri. Lilipindishwa kwa ajili ya dirisha la jirani.

Kuhusu ombi lako la fundi, nimeulizia. Anayejua kulijenga tanuri lile yuko mmoja tu. Ni mzima, anakumbuka kila tofali na mahali pake, na barua zako zote amezisoma. Nasikitika kukujulisha kwamba hatutaweza kumleta kwako. Sababu unaijua, maana uliitoa wewe mwenyewe, kwa kidole chenye unga.

Huyo si wa hapa.

Mjenzi

Kiambatanisho: uzi mwekundu, kipande kimoja.